KIGAE NACHO KINA ULIMI

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule yetu hii ya kutwa. Leo nimeshika kalamu nikueleze jambo ambalo limenikaa kichwani mwaka mzima. Nalo ni hili: vitu vya kale hutuambia nini juu ya maisha ya watu, na kwa nini vingine vimenyamaza kimya.

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Mwalimu wetu wa Historia alikuwa akitufundisha habari za Dola ya Kirumi. Wengi wetu tulikuwa tunasinzia, maana jua la Garsen la saa nane mchana mnalijua wenyewe. Tulidhani tutasikia majina ya wafalme na vita tu. Kumbe mwalimu alikuja na habari za mkate! Alitueleza kwamba mwaka wa 79 B.K. mlima Vesuvius huko Italia ulilipuka ukaufunika mji wa Pompeii kwa majivu. Watu walipokuja kuufukua mji huo baada ya karne nyingi, walikuta mikate imo bado tanurini. Ilikuwa imeungua ikawa nyeusi kama makaa, lakini umbo lake lipo, na kila mmoja umechorwa mistari ya kuugawa vipande vinane. Walikuta mikahawa ya barabarani yenye mitungi iliyojengewa ndani ya meza ya kuuzia. Walikuta kuta zimeandikwa maneno ya mapenzi, matusi, na hata maneno ya kuombea watu kura. Nikajiambia, ama kweli kampeni hazikuanza jana!

Tena huko Uingereza, katika ngome ya askari wa Kirumi iitwayo Vindolanda, zilipatikana barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mbao. Moja, ya mwaka wa 100 hivi, ilitoka kwa mwanamke aitwaye Claudia Severa. Ndani yake anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina aje kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Hapo usingizi uliniisha. Vita vya Warumi nilivisoma nikavisahau, lakini mwanamke huyo aliyetaka rafiki yake aje sikukuu yake sijamsahau mpaka leo.

Basi rafiki yangu mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hao ni Warumi. Na sisi watu wa Tana je? Sisi hatukuwa tunakula?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Swali zuri. Lakini msiniulize mimi, kiulizeni kigae."

WARUMI NA PWANI YETU

Kwanza ndugu msomaji, usidhani kwamba Warumi walikuwa mbali na sisi kabisa. Katika karne ya kwanza B.K. mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Roma, aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Kitabu hicho huitwa Periplus. Anaeleza safari ya kuteremka pwani hii ya Afrika Mashariki mpaka soko la mwisho lililoitwa Rhapta. Anasema jina hilo lilitokana na mashua za huko ambazo zilishonwa kwa kamba. Wenzetu wa upande wa Lamu hapo mtaikumbuka mitepe, zile jahazi za kushonwa ambazo wazee waliziunda bila msumari hata mmoja.

Kitabu hicho kinataja bidhaa pia. Wageni walileta mikuki, mashoka, visu, sindano kubwa za kutobolea na vitu vya kioo. Walichukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Hayo ni maneno ya kitabu tu, na mtu angeweza kusema ni hadithi. Lakini katika miaka ya 1990 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba upande wa Rufiji, Tanzania, akapata shanga za kioo za enzi za Warumi. Shanga ndogo kama punje ya mtama, zikathibitisha maneno ya kitabu kizima. Haba na haba hujaza kibaba.

UDONGO HUKAA KWA MATABAKA

Pengine utauliza, mtu anajuaje kwamba kitu fulani ni cha miaka mingapi? Hilo nami lilinitatiza mpaka nilipolielewa nyumbani, tena shimoni.

Mwaka wa 2024, mwezi wa Aprili na Mei, mto ulifurika. Nyumbani kwetu maji yaliingia hata jikoni, tukahamia mahali pa juu kama wengi wenu. Tuliporudi tulikuta choo kimebomoka. Mjomba akachimba kingine, na kazi yangu ilikuwa kuvuta ndoo za udongo. Tulipofika kimo cha mtu, mjomba aliniita nikaangalia ukuta wa shimo. "Unaona mistari hii?" akaniuliza. Juu kabisa palikuwa na tope jipya la kahawia, laini kama unga. Chini yake udongo mweusi wenye majani yaliyooza. Kisha mchanga mweupe, kisha tope jingine. Katika tope la juu mlikuwa na kizibo cha soda na kipande cha ndara. Katika lile la chini hamkuwa na plastiki hata kidogo, ila kipande cha chungu chenye masizi. Mjomba akasema, "Mto huu ndio karani wetu. Kila ukifurika huandika mstari mmoja."

Hivyo ndivyo wataalamu wa akiolojia wafanyavyo kazi yao. Tabaka la chini ndilo la kale, la juu ndilo la karibuni. Kitu kikipatikana ndani ya tabaka, hujulikana kilikaa pamoja na nini, juu ya nini na chini ya nini. Jirani za kitu ndizo zinazokitolea ushahidi. Kumbuka neno hilo "jirani", nitalirudia hapo mbele.

CHUNGU CHA WENJE

Sasa turudi kwa swali la rafiki yangu. Je, sisi watu wa Tana tuna habari gani?

Wengi wenu mmepita Wenje mkielekea Hola. Je, mnajua kwamba jina la Wenje limo katika vitabu vya wataalamu duniani? Katika miaka ya 1970 Bwana David Phillipson alichunguza vigae vya kale katika bonde la chini la mto Tana, na mwaka wa 1979 habari zake zikachapishwa. Vigae hivyo vilikuwa na mapambo ya mistari iliyokwaruzwa, mingi ikiwa na umbo la pembetatu shingoni mwa chungu. Baadaye vyungu vya namna hiyo vilionekana Lamu, Unguja, Kilwa, hata visiwa vya Komoro. Viliundwa kati ya karne ya 6 na ya 10 hivi. Mtaalamu Mark Horton akavipa jina la mto wetu: vyungu vya mtindo wa Tana. Wengine huviita kwa jina la pembetatu zile.

Horton huyo alichimba mji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980. Zamani vitabu vingi vilisema kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, na Mwafrika alikuja baadaye kama mtumishi tu. Huko Shanga walichimba mpaka tabaka la chini kabisa, la karne ya 8. Walikuta nini? La hasha, si majumba ya wageni. Walikuta alama za nguzo za nyumba za miti, na vyungu vya mtindo wa Tana tele. Vyombo vya kutoka ng'ambo vilikuwa sehemu ndogo tu. Chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mdogo wa miti, na juu yake mwingine, na mwingine, kila mara umejengwa pale pale. Walipata hata sarafu ndogo za fedha zilizofuliwa hapo hapo pwani.

Isitoshe, palikuwa na mifupa: ya samaki, ya mbuzi na kondoo, ya ng'ombe na hata ya ngamia. Niliposoma hayo nilimtazama rafiki yangu Muorma, ambaye nyumbani kwao ni ng'ombe tu, kisha nikajitazama mimi Mpokomo wa shamba na mtumbwi. Katika darasa letu wamo pia Wagiriama, Wabajuni, Wawardei na Wamunyoyaya. Mwaka wa 2012 damu ilimwagika hapa Delta kati ya wakulima na wafugaji. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini bado nasikia watu wakibishana ni nani aliyefika hapa kwanza. Nimekichunguza kigae chote juu na chini, sikuona jina la kabila. Nilichoona Shanga ni jaa moja lenye miiba ya samaki na mifupa ya ng'ombe, na vyungu vilivyopikia vyote viwili.

Lakini tusidanganyane, wageni walikuja kweli, wakaoa na kuzaa. Mwaka wa 2023 ulichapishwa uchunguzi wa chembechembe za urithi kutoka mifupa ya watu wa kale wa Manda, Mtwapa, Kilwa na kwingineko. Ulionyesha kwamba kwa upande wa akina mama wengi wao walikuwa wa asili ya Kiafrika, na kwa upande wa akina baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, kuanzia mwaka wa 1000 hivi. Kigae na mfupa havikugombana. Kigae kilisema ni nani aliyekuwa jikoni, na mfupa ukasema ni nani waliooana.

NYUMBA YA MKASI

Ukitoka Garsen ukaipita Malindi, utafika Gedi. Bwana James Kirkman alichimba huko kuanzia mwaka wa 1948 hadi 1958, na mwaka wa 2024 Gedi imeingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Liko kaburi huko lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399 B.K. Kilichonifurahisha zaidi ni majina ya nyumba. Kwa kuwa wenyewe hawakuandika majina yao mlangoni, nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Hebu fikiri! Bakuli limetoka Uchina, ushanga umetoka Italia, na vyote viko pwani ya Kenya msituni. Mwaka wa 2010 huko Mambrui, na mwaka wa 2013 kisiwani Manda, zilipatikana sarafu za shaba za Mfalme Yongle wa Uchina, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424.

Hata hivyo tuangalie upande wa pili. Nyumba hizo za mawe zilikuwa za wenye nacho, ndani ya ukuta wa pili wa mji. Watu wengi waliishi nje ya ukuta huo katika nyumba za miti na udongo, ambazo zimekwisha kuliwa na mchwa. Mkasi umepata nyumba yenye jina, lakini mfua chuma na mchota maji hawakupata. Ni kama Roma vile vile, tunaona kasri kwanza na mtumwa tunamsahau. Kwa hiyo ukiona kitu kizuri cha kale, jiulize ni nani aliyekibeba mpaka pale.

KOSA LANGU

Sasa nifike penye kosa langu, maana mficha uchi hazai. Chama chetu kilichanga pesa tukaenda Ungwana, karibu na Kipini, pale mto wetu unapoingia baharini. Pana magofu ya misikiti na makaburi ya mawe, na Kirkman alipachimba pia, kitabu chake kikatoka mwaka wa 1966. Tukiwa tunatembea niliona mchangani kigae cha kung'aa, kijani kama mchicha uliochemshwa. Nikatazama kulia na kushoto, nikakitia mfukoni. Nilijiona mjanja sana.

Jioni nilimwonyesha nyanya yangu. Alinitania kama kawaida yake, "Haya mume wangu, umeniletea zawadi?" Kisha akakishika, akakigeuza, akauliza, "Chombo chenyewe kilikuwa cha nani?" Sikujua. Siku ya pili nikampelekea mwalimu, nikidhani atanisifu. Aliniuliza maswali matatu tu. Ulikiokota wapi hasa, msikitini, kaburini au nyumbani kwa mtu? Kilikuwa karibu na nini? Kilikuwa juu ya mchanga au kimefukuka kutoka chini? Nikababaika. Nilikumbuka rangi yake tu.

Mwalimu akasema kwa upole, lakini maneno yalinichoma: "Pale kilipokuwa, kingeweza kutuambia kama ni sahani ya tajiri, au pambo la kaburi, au mzigo uliovunjika ukishushwa jahazini. Hapa mkononi mwako ni kipande cha sahani tu. Umekikata ulimi." Ndipo nikalikumbuka shimo la mjomba. Kigae nilikuwa nacho, lakini jirani zake nilikuwa nimewaacha Ungwana. Isitoshe, nilikuwa nimevunja sheria, maana Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 inalinda vitu kama hivyo. Mwalimu aliniagiza niandike kwenye karatasi kila nilichokumbuka, kisha akachukua kigae na karatasi ili avikabidhi kwa watu wa Makumbusho. Karatasi yangu haikufika nusu ukurasa.

NGOMA ILIYO MBALI

Nilipomsimulia nyanya maneno hayo, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Wewe umechukua kigae. Sisi tulichukuliwa Ngadji." Wanafunzi wengi hamjui habari hii, kwa hiyo nitaieleza.

Ngadji ni ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo. Haikuwa ngoma ya arusi wala ya kuchezea. Sauti yake iliwaita watu katika mambo ya ibada na ya utawala, na si kila mtu aliyeruhusiwa kuiona. Mwaka wa 1902 maofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza waliichukua. Mwaka wa 1908 ikaingia katika Makumbusho ya Uingereza, London. Imekaa huko ghalani zaidi ya miaka 100, wala si ya kuonyeshwa watu. Wazee wa Wapokomo wameomba irudishwe.

Nayo si peke yake. Mradi mmoja ulioshirikisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ulihesabu vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, ukapata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Mwaka wa 2021 palifanywa maonyesho Nairobi kuhusu vitu hivyo, na baadhi ya makabati yaliachwa matupu makusudi ili watu waone pengo.

Je, Ngadji inatuambia nini? Kwanza inatuambia juu ya Wapokomo wa wakati huo, kwamba walikuwa na mpango wao wa kutawala na kuabudu kabla ya D.C. kuja na bendera. Pili inatuambia juu ya dola yenyewe ya Kiingereza, kwamba ilijua cha kuchukua. Ukitaka watu wasikusanyike, chukua ngoma inayowakusanya. Mkate wa Pompeii unatuonyesha watu wa dola walikula nini. Ngadji inatuonyesha watu walio chini ya dola walinyang'anywa nini.

Tofauti ni moja. Kigae changu kimeshapoteza jirani zake, na mimi ndiye niliyekipotezea. Lakini jirani za Ngadji wako bado. Ni mto huu, ni vijiji hivi, na wazee wanaojua habari zake. Ikirudi, itakuta wa kuiuliza. Wazee nao hawakai milele, kwa hiyo hata sisi tuna kazi. Nimeanza kuandika maneno ya nyanya katika daftari moja: jinsi walivyofinyanga vyungu, walivyovichoma, na walivyoyajua mafuriko kabla hayajafika.

MWISHO

Wanafunzi wenzangu, nawaomba mambo matatu. Mkiona kigae, kiangalieni, lakini kiacheni pale pale kisha mwambieni mwalimu. Mkichimba kisima au choo mkakuta kitu, andikeni mlikikuta kimo gani na kando ya nini. Na jioni, badala ya kushika simu tu, muulizeni babu au nyanya, "Hiki kilikuwa cha nani?" Mimi swali hilo niliulizwa nikakosa jibu, na fedheha yake naijua.

Walimu wetu nao nawaomba, safari ya Ungwana irudiwe mwakani. Safari hii nitakwenda na daftari, na mifuko yangu nitaishona.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini.